Kusaini komiti za Git kwenye Windows na Ubuntu ya WSL: funguo mbili, kompyuta moja

Swali linalorudi kila mara kwa wanaoanza kutengeneza programu hapa Lubumbashi ni hili: «Nikifanya komiti upande wa Windows, GitHub inaandika Verified. Nikihamia Ubuntu kwenye kompyuta hiyo hiyo, jina ni langu, barua pepe ni yangu, lakini alama haionekani. Kosa liko wapi?»

Git ni programu inayotunza historia ya msimbo, komiti ni hatua moja iliyohifadhiwa katika historia hiyo, GitHub ni tovuti inakotumwa, na WSL ni sehemu ya Windows inayoendesha Linux kama Ubuntu ndani yake. Windows na Ubuntu ya WSL ni nyumba mbili ndani ya uwanja mmoja. Kila nyumba ina Git yake, faili yake ya mipangilio na folda yake ya funguo. Ulichokipanga katika nyumba ya kwanza, ya pili haina habari nacho. Ndiyo maana kazi hii inafanywa mara mbili, na ndiyo maana anayeifanya mara moja tu anakwama.

Kwa nini kusaini? Kwa sababu Git inaamini jina lolote unaloliandika. Mtu yeyote anaweza kuweka jina lako na barua pepe yako kwenye mipangilio yake, akatuma msimbo mbovu, na historia ya mradi ikaonyesha kwamba ni wewe. Sahihi ndiyo inayotenganisha kazi yako na ya aliyejifanya wewe. Ukifanya kazi na wateja walio mbali, ambao hawajawahi kukuona, jambo hili lina uzito mkubwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Windows 10 au 11 yenye WSL na Ubuntu. Kama WSL haipo, fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, andika `wsl --install`, kisha uwashe kompyuta upya. Amri hiyo inapakua mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiianze na forfait ya siku inayokaribia kuisha.
- Git 2.34 au mpya zaidi, pande zote mbili. Andika `git --version` katika PowerShell, kisha katika Ubuntu. Ubuntu 22.04 inakuja na 2.34.1, na hiyo inatosha. Ubuntu 20.04 inakuja na 2.25.1, na hiyo haiwezi kazi hii.
- OpenSSH (programu inayotengeneza funguo na sahihi za SSH) 8.2 au mpya zaidi. Andika `ssh -V` pande zote mbili. Windows 10 nyingi zina 8.1, usiache mwongozo kwa ajili hiyo, dawa yake iko katika hatua ya 3.
- Akaunti ya GitHub ambayo barua pepe yake imeshathibitishwa.

Intaneti unaihitaji kwa kupakua programu, kuandikisha funguo na kutuma kazi. Kusaini kwenyewe hakuli data hata kidogo: mtandao ukikatika, endelea kufanya komiti, zitasainiwa, utazituma ukirudi.

Neno moja kuhusu kibodi. Kompyuta nyingi za okazioni zinazofika hapa zina AZERTY ya Ufaransa. Alama `~` iko AltGr pamoja na kitufe cha 2, kisha bonyeza nafasi. Haitatokea mpaka ubonyeze nafasi. Alama `\` ni AltGr na 8. Na Windows ikiwa ya Kifaransa, utaona folda inaitwa «Utilisateurs». Hilo ni jina la kuonyeshwa tu. Jina la kweli kwenye diski ni `C:\Users`, na ndilo unaloandika katika amri zote.

## SSH au GPG?

Hizi ni aina mbili za funguo ambazo Git inaweza kusaini nazo. Chagua SSH. Git ilianza kukubali sahihi za SSH katika toleo la 2.34, mwezi wa 11 mwaka 2021, na GitHub ikaanza kuzithibitisha mwezi wa 8 mwaka 2022. GPG bado ni njia nzuri, lakini kwenye Windows inawapoteza wengi: Git ya Windows inakuja na gpg yake ndani, ukiongeza Gpg4win unapata ya pili, na Ubuntu ina ya tatu. Kila moja ina kabati lake la funguo. Mtu anatengeneza ufunguo katika kabati moja, Git inautafuta katika lingine, na saa nzima inaisha bure.

## Ufunguo mmoja kwa kila upande

Hapa ndipo wengi wanapotaka njia ya mkato, basi soma polepole.

Njia ya kwanza wanayojaribu ni kuielekeza Git ya Ubuntu kwenye ufunguo uliopo `/mnt/c/Users/...`. Diski ya Windows, ikitazamwa kutoka Ubuntu, huonyesha faili zote zikiwa na ruhusa 0777, yaani kila mtu anaweza kuzisoma. SSH ikiona ufunguo wa siri ulio wazi hivyo inakataa kuutumia. Ukijaribu `chmod 600` juu yake, kwa mipangilio ya kawaida ya WSL hakuna kinachobadilika.

Njia ya pili ni kuifanya Git ya Ubuntu iite `ssh-keygen.exe` ya Windows. Inaonekana ya akili, lakini inavunjika. Git inapotaka sahihi huandika komiti katika faili ya muda ndani ya `/tmp`, kisha humpa `ssh-keygen` anwani ya faili hiyo. Programu ya Windows haijui `/tmp` ya Ubuntu iko wapi. Inatafuta, haioni, inarudi mikono mitupu.

Njia ya tatu, kunakili ufunguo wa siri kutoka nyumba moja kwenda nyingine, inafanya kazi. Sisi hatuishauri. Ufunguo wa siri unaotembea huacha nakala njiani: kwenye USB, kwenye folda ya vipakuliwa, kwenye ujumbe uliojitumia mwenyewe. GitHub inakubali funguo nyingi kwa akaunti moja, basi tengeneza mbili. Upande mmoja ukiharibika, unaufuta ufunguo wake tu.

## Hatua

1. Weka jina na barua pepe, pande zote mbili.

Amri hizi ziandike katika PowerShell, kisha uzirudie katika Ubuntu:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "BARUA-YAKO"
```

Badala ya BARUA-YAKO weka barua pepe iliyothibitishwa kwenye GitHub, herufi kwa herufi. Kama hutaki barua yako ionekane hadharani, tumia ile ya `users.noreply.github.com` ambayo GitHub inakupa katika mipangilio ya «Emails». Hapa ndipo Verified nyingi zinapopotea: Windows ina barua ya kazini, Ubuntu ina ya zamani ya chuo.

2. Tengeneza ufunguo wa Windows.

Katika PowerShell:

```
mkdir "$env:USERPROFILE\.ssh"
ssh-keygen -t ed25519 -f "$env:USERPROFILE\.ssh\kusaini_windows" -C "kusaini windows"
```

Ikikuambia folda ipo tayari, endelea. Itakuomba nenosiri mara mbili. Unapoliandika hakuna kitu kitakachoonekana kwenye skrini, hata nyota, na ndivyo ilivyo. Usiache nenosiri tupu. Kompyuta inayobebwa kwenye teksi kila siku inaweza kuibwa.

Sasa una faili mbili. `kusaini_windows` ni ya siri na haitoki hapo. `kusaini_windows.pub` ni ya hadharani; hiyo mpe yeyote.

3. Iambie Git ya Windows isaini.

```
git config --global gpg.format ssh
git config --global user.signingkey "~/.ssh/kusaini_windows.pub"
git config --global commit.gpgsign true
git config --global tag.gpgsign true
```

Usishtuke kuona `gpg` katika majina hayo. Ni majina ya zamani yaliyobaki. Mstari wa kwanza ndio unaosema kwamba tunatumia SSH. Na ni faili ya `.pub` tunayoielekeza: Git itautafuta ufunguo wa siri yenyewe, kwa wakala wa SSH (`ssh-agent`, programu inayokushikia ufunguo uliokwisha kufunguliwa kwa nenosiri) au pembeni ya hiyo `.pub`.

Ili usiulizwe nenosiri kwa kila komiti, washa wakala. Kwenye Windows huwa amezimwa. Fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Set-Service ssh-agent -StartupType Automatic
Start-Service ssh-agent
```

Kisha, katika PowerShell ya kawaida:

```
ssh-add "$env:USERPROFILE\.ssh\kusaini_windows"
git config --global gpg.ssh.program "C:/Windows/System32/OpenSSH/ssh-keygen.exe"
```

Mstari wa mwisho usiuruke. Git ya Windows ina `ssh-keygen` yake ndani, na hiyo haiongei na wakala wa Windows. Usipoielekeza, utaendelea kuulizwa nenosiri hata kama `ssh-add` ilikubali.

Lakini kama `ssh -V` ilikuonyesha 8.1, acha mstari huo wa `gpg.ssh.program`. Toleo la 8.1 halina uwezo wa kuhakiki sahihi jinsi Git inavyotaka. Baki na `ssh-keygen` iliyokuja na Git, fanya komiti zako ndani ya Git Bash (dirisha la amri linalokuja na Git ya Windows), na kila ukiifungua anza na `eval $(ssh-agent)` kisha `ssh-add ~/.ssh/kusaini_windows`.

4. Tengeneza ufunguo wa Ubuntu.

Katika teminali ya Ubuntu:

```
mkdir -p ~/.ssh && chmod 700 ~/.ssh
ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/kusaini_wsl -C "kusaini wsl"
```

5. Iambie Git ya Ubuntu isaini.

```
git config --global gpg.format ssh
git config --global user.signingkey ~/.ssh/kusaini_wsl.pub
git config --global commit.gpgsign true
git config --global tag.gpgsign true
```

Huku `gpg.ssh.program` haihitajiki. Na usinakili `.gitconfig` ya Windows kuileta Ubuntu ili kuokoa dakika mbili: itakuja na anwani za `C:/` ambazo Ubuntu haizijui.

Wakala wa huku tunamsimamia kwa programu ndogo iitwayo keychain:

```
sudo apt update && sudo apt install keychain
echo 'eval $(keychain --quiet --eval kusaini_wsl)' >> ~/.bashrc
```

Funga teminali, ifungue tena, andika nenosiri mara moja. Hutaulizwa tena mpaka WSL izimwe.

6. Andikisha funguo zote mbili kwenye GitHub.

Nakili ile ya Windows, katika PowerShell:

```
Get-Content "$env:USERPROFILE\.ssh\kusaini_windows.pub" | clip
```

Kwenye GitHub nenda «Settings», kisha «SSH and GPG keys», kisha «New SSH key». Kwenye «Key type» chagua Signing Key. Chaguo linalokuja lenyewe ni Authentication Key, na hiyo ni ya kuingilia tu, haithibitishi sahihi. Watu wengi wanabandika ufunguo sawasawa, wanasahau kichagulio hicho, halafu wanarudi kuvunja mipangilio ambayo haikuwa na kosa. Hata kama ufunguo huo huo unautumia tayari kuingilia, lazima uuandikishe mara ya pili kama wa kusaini.

Rudia kwa ule wa Ubuntu:

```
cat ~/.ssh/kusaini_wsl.pub | clip.exe
```

Upe kila ufunguo jina linaloeleweka, kama «HP ya kazi, Windows» na «HP ya kazi, Ubuntu». Siku ya kufuta mmoja utajua ni upi.

7. Tengeneza orodha ya sahihi zinazokubaliwa.

Bila orodha hii GitHub itathibitisha, lakini Git ya kwenye kompyuta yako haitajua ni nani wa kumwamini. Itengeneze ukiwa upande wa Ubuntu, halafu uipeleke Windows. Badilisha JINA liwe jina la folda yako ndani ya `C:\Users`:

```
echo "BARUA-YAKO namespaces=\"git\" $(cat ~/.ssh/kusaini_wsl.pub)" > ~/.ssh/allowed_signers
echo "BARUA-YAKO namespaces=\"git\" $(tr -d '\r' < "/mnt/c/Users/JINA/.ssh/kusaini_windows.pub")" >> ~/.ssh/allowed_signers
cp ~/.ssh/allowed_signers "/mnt/c/Users/JINA/.ssh/"
```

Mstari wa kwanza una `>` moja, wa pili una mbili. Ukiweka moja kote, wa pili utafuta wa kwanza.

Tunaitengenezea Ubuntu kwa sababu maalumu: PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, ukiandika faili kwa `>` inaihifadhi kwa UTF-16. Ukiifungua kwa macho utaona iko sawa kabisa, lakini `ssh-keygen` haiwezi kuisoma.

Kisha, pande zote mbili:

```
git config --global gpg.ssh.allowedSignersFile "~/.ssh/allowed_signers"
```

Wenzako wa mradi waongeze kwenye faili hiyo, kila mmoja na mstari wake. Ni funguo za hadharani tu, hazina hatari.

8. Jaribu.

Katika repo (folda ya mradi inayosimamiwa na Git) yoyote ya majaribio, kwanza Windows, kisha Ubuntu:

```
git commit --allow-empty -m "jaribio la sahihi"
git log --show-signature -1
```

Unatafuta mstari unaoanza na `Good "git" signature for`, ukifuatwa na barua pepe yako. Kwa historia nzima tumia `git log --pretty="%h %G? %s"`: G ni sahihi nzuri, N ni komiti isiyo na sahihi, U ni sahihi nzima ya mtu asiye kwenye orodha yako, B ni sahihi mbovu. Ukiona B, simama, usiendelee mpaka ujue komiti hiyo imetoka wapi.

Tuma kwenye GitHub, na komiti zote mbili zipate Verified.

9. Angalia VS Code inatumia Git ya upande gani.

Kama repo iko Ubuntu, ingia ndani ya folda yake na uandike `code .`. Pembeni chini kushoto paonyeshe «WSL: Ubuntu», hapo Git inayotumika ni ya Ubuntu, na ufunguo ni wa Ubuntu. Ukiifungua folda hiyo kupitia `\\wsl.localhost` kutoka Windows, inatumika Git ya Windows. Wakala awe amewashwa kabla, ili komiti za VS Code zisikwame kwenye nenosiri.

## Makosa ya kuepuka

Usiandike upya historia ya tawi ambalo wenzako wanalitumia eti ili komiti za zamani zipate sahihi. Ziache. Kama ni komiti ya mwisho tu, na hujaituma, `git commit --amend --no-edit -S` inatosha.

Ukifanya `rebase` (kuzipanga upya komiti juu ya tawi lingine), komiti zinazoandikwa upya zinapata sahihi ya anayefanya rebase, hata kama zilikuwa za mwenzako. Na kitufe cha «Rebase and merge» kwenye tovuti ya GitHub kinatoa komiti zisizo na sahihi. Mradi wenye sheria ya sahihi utumie «Squash and merge» au merge ya kawaida. Hizo GitHub inazisaini kwa ufunguo wake.

Weka repo za Ubuntu ndani ya `~`, si `/mnt/c`. Utaepuka ugomvi wa ruhusa na miisho ya mistari, na kasi utaiona mwenyewe.

## Inapokataa

`unsupported value for gpg.format: ssh`. Git ni ya zamani. Kwenye Ubuntu 20.04: `sudo add-apt-repository ppa:git-core/ppa`, kisha `sudo apt update && sudo apt install git`.

`Couldn't load public key ... No such file or directory`. Anwani ya `user.signingkey` si sahihi. Andika `git config --show-origin user.signingkey`, itakuonyesha thamani na faili inakotoka. Mara nyingi ni «Utilisateurs» iliyoingia mahali pa «Users», au mpangilio wa repo moja unaofunika ule wa jumla.

`UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!` Umeelekeza kwenye `/mnt/c`. Rudi hatua ya 4.

`gpg.ssh.allowedSignersFile needs to be configured and exist`. Hatua ya 7 haijafanyika upande huo. Sahihi yako haina kosa, kinachokosekana ni orodha.

`No principal matched`. Orodha ipo, ufunguo haumo ndani yake. Hakikisha mistari ni miwili.

`detected dubious ownership in repository`. Git ya Windows inagusa repo iliyo Ubuntu. Ifungue kwa njia ya hatua ya 9.

Git Bash inauliza nenosiri kila komiti. `gpg.ssh.program` haikuwekwa, au wakala wa Windows amezimika. Angalia kwa `Get-Service ssh-agent`.

Kwenye kompyuta ni Good, kwenye GitHub ni Unverified. Kuna sababu mbili za kuangalia kwanza: ufunguo uliandikishwa kama wa kuingilia, au barua pepe ya komiti haimo kati ya zilizothibitishwa. Isome kwa `git log -1 --format=%ce`.

Tarehe ya komiti imeruka. Saa ya WSL wakati mwingine hubaki nyuma kompyuta ikitoka usingizini. Amri `sudo hwclock -s` inairudisha. Ikiwa tofauti ni saa moja kamili, ni majira: Kinshasa iko UTC+1, sisi Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu, tuko UTC+2. Kwenye Windows chagua mstari wa «Harare, Pretoria». Na kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa itarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika. Badilisha betri hiyo, ni CR2032 kwenye mashine nyingi.

Kompyuta imeibwa. Ingia GitHub kutoka kifaa kingine, futa funguo zake zote mbili siku hiyo hiyo, pamoja na zile za kuingilia, kisha ondoa mistari yake kwenye `allowed_signers` za wenzako. Komiti ulizotuma zamani zikathibitishwa zitabaki na Verified. Kwenye kompyuta mpya tengeneza funguo mpya, ukianzia hatua ya 1.